Nilivyofukiza Kinu cha Nuria

Leo nimejiaibisha. Saa tano mchana, jua la Isiolo likiwa limesimama juu ya mabati, lakini mimi nilikuwa gizani. Mtaelewa mkifika huko. Kama mna chai mkononi, wekeni chini kwanza.

Naandika nikiwa nimevaa leso ya jirani. Hata hilo mtalielewa.

Wacha kwanza niwaambie kazi yangu, maana wengi kwenye hiki kikundi mnanijua kama Mama Tume wa maziwa ya ngamia. Maziwa niliacha mwezi wa pili. (Si kwamba biashara ilinishinda. Haya basi, ilinishinda kidogo.) Siku hizi nasaga. Sisagi mahindi. Nasaga unga wa mwanga.

Nuria, binti wa kaka yangu, yuko chuo kikuu Nairobi, anasomea shahada ya pili. Anatengeneza unga fulani mweupe. Ukiumulika kwa taa ya zambarau, unga wenyewe unatoa mwanga wa samawati kama mwali wa gesi. Watu wakubwa wanataka kutengeneza taa na skrini za simu kwa vitu vya namna hiyo. Vinaitwa perovskaiti. (Kwa haki: Nuria anasema unga wake ni wa ukoo wa perovskaiti, si perovskaiti yenyewe. Ni kama binamu. Nisije nikaambiwa nimedanganya.) Shida ni kwamba kwingine vitu hivi hutengenezwa kwa madini ya risasi, tena kwa vimiminika vikali ambavyo ukivimwaga vinaharibu udongo na kuumiza maini ya watu. Nuria akasema yeye hiyo hapana. Anachukua chumvi mbili zisizo na risasi, moja ina shaba, anaziweka kavu ndani ya kinu kidogo cha jiwe, zinasagwa pamoja. Basi. Hakuna moto, hakuna sumu ya kumwaga. Nguvu ya mkono ndiyo inaziozesha zile chumvi mpaka zizae kitu cha tatu.

Na mkono ni wangu.

Walimu wake walimruhusu aifanyie kazi hii huku nyumbani, katika chumba ambacho zamani kilikuwa stoo ya ngozi za mbuzi, ili aonyeshe kwamba inawezekana hata mahali pasipo na maabara. Lakini walimpa muda. Leo wawili kati yao walikuwa wanakuja kuona kwa macho yao: unga usagwe hapa, leo leo, kisha umulikwe mbele yao. Ukiwaka, Nuria anaendelea hapa hadi amalize. Usipowaka, vifaa vinapakiwa kwenye gari lao na yeye anarudi Nairobi kuanza kitu kingine, miaka miwili imeenda na upepo. Ndivyo alivyoniambia jana. Aliniambia akitabasamu, lakini mimi namjua tangu akiwa na meno mawili. Lile halikuwa tabasamu.

Leo nikafika saa mbili asubuhi. Nuria alikuwa tayari na mkoba begani. Wageni walilala Nanyuki, wakapiga simu kwamba wanatoka mapema na hawajui ploti yetu iko wapi. Ilibidi aende akawangojee barabara kuu.

"Asalaam aleikum, shangazi. Umelala?"

"Aleikum salaam. Nimelala nusu. Nusu ingine nilikuwa nasaga kwa ndoto."

"Leo usiote. Chumvi nimepima, ziko kwa hizi karatasi mbili. Saga nusu saa bila kusimama, mpaka iwe laini kama wanja. Na kinu kiwe safi, shangazi. Safi kabisa. Lakini maji isiguse."

"Hata tone?"

"Hata tone. Maji ikiingia, tumekwisha."

Akaenda mbio mbio, viatu vikipiga vumbi.

Kwa haki ya Nuria: maagizo yalikuwa wazi. Safi. Bila maji. Kwa haki yangu: kila siku kinu hukisafisha yeye mwenyewe jioni, mimi nikishaenda nyumbani. Jana alisahau kwa sababu ya hofu. Sijawahi kuona anakisafisha na nini. Kwenye rafu kulikuwa na chupa ya spiriti na pamba. Niliiona. Nikafikiri ni ya vidonda. (Tena ni yeye ambaye miezi yote hii amenihubiria kwamba humu vimiminika vya sumu haviingii. Ningefunguaje chupa iliyochorwa moto?)

Kwa hivyo nikasimama pale na kinu mkononi, kina utando mweupe wa jana. Chombo kiwe safi. Maji yasikiguse. Sasa niambieni ninyi wenzangu, hasa ninyi mliolelewa na maziwa: chombo kisichotakiwa kuguswa na maji, kwetu kinasafishwa na nini?

Moshi!

Miaka kumi na minne nimeuza maziwa. Gorfa, kile chombo chetu cha kusukwa, haionji maji. Unachukua kijiti cha mti wa ejersa kinachofuka, unakiingiza ndani, unafunika, unatikisa, unatoa, unafuta. Chombo kinatoka safi na maziwa hayaharibiki upesi. Hata mitungi ya plastiki tunaifukiza. Mamangu alinifundisha, na yeye alifundishwa na mamake. Hakuna mteja aliyewahi kunirudishia maziwa akisema, Mama Tume, chombo chako kilikuwa kichafu.

Mimi ni mtu wa kujishuku. Nikifunga mlango narudi mara mbili kuangalia. Nikimsalimia mtu, natembea hadi kona nikijiuliza kama nilisalimia vizuri. Lakini leo asubuhi, mara moja tu maishani, sikujishuku hata chembe. Nilijiamini kama mbunge.

Nikaenda mlango wa pili kwa Mama Asha, anayepika chai, nikamwomba kaa la moto. Kijiti cha ejersa nilikuwa nacho kwenye mkoba. (Msiulize. Muuza maziwa hata akiacha kuuza hatembei bila ejersa.)

"Kaa la nini?"

"La kufukiza kinu."

"Kile cha sayansi?"

"Kile cha sayansi."

"Mashallah," akasema Mama Asha. "Kumbe hata sayansi imeanza kuwa na adabu." Akanipa makaa mawili badala ya moja. (Kwa hivyo kwa haki, hata yeye ana sehemu yake katika haya mambo. Ndogo.)

Nikafukiza. Kinu kwanza, halafu mchi wake, halafu kinu tena kwa sababu leo ilikuwa siku kubwa. Kile chumba kinachonuka ngozi ya mbuzi kikanukia kama nyumba ya arusi. Nikafuta kwa kitambaa kikavu. Kinu kikatoka na rangi ya hudhurungi kidogo, rangi ya chombo kilichotunzwa. Nikavaa glavu zangu, nikamimina chumvi, nikasaga nusu saa bila kusimama, jasho likinitiririka hadi kwenye viatu.

Unga ukatoka laini kama wanja. Kusema kweli ulikuwa na rangi ya wanja pia. (Si nyeusi. Kijivu. Kijivu cha punda.) Nikajiambia ni kivuli cha chumba.

Hapo ningeacha, labda mambo yangepona. Lakini niliuangalia ule unga nikaona ni kidogo. Kijiko na nusu! Watu wametoka Nairobi, wamelala njiani, halafu uwatolee kijiko na nusu? Kwetu mgeni hajazwi kikombe nusu. Na pale rafuni palikuwa na kichupa kimoja cha unga wa wiki iliyopita, ule uliowaka vizuri sana. Kilikuwa kimoja tu, vingine vyote vimeshatumwa Nairobi kupimwa. Nikakifungua. Nikamwaga chote. Nikasaga pamoja.

Hapo someni polepole. Unga mzuri wa pekee uliokuwa umebaki Isiolo nzima, niliuchanganya na masizi kwa mkono wangu mwenyewe, kwa sababu ya heshima.

Nilikuwa nimepanga kukimbia nyumbani Bulla Pesa kubadilisha nguo. Nilikuwa na dera la kazi, la maua ya manjano, na kwa wageni nilikuwa nimepiga pasi lingine. Lakini nilipokuwa navua glavu nikasikia gari. Wamefika! Nikajifunga mtandio vizuri, nikavuta pumzi.

Walikuwa wawili. Profesa, mzee mpole wa kofia ya kitambaa. Na Daktari (si wa hospitali, wa kusoma), mwanamke mrefu mwenye daftari jeusi lenye jalada gumu, ambaye alishuka kwenye gari kama mtu aliyekuja kukagua mazishi.

"Habari zenu," akasema Profesa.

"Huyu ni shangazi yangu," Nuria akasema. "Yeye ndiye anasaga."

Profesa akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Kumbe Mama ndiye mashine yetu?"

"Ni mimi, Profesa. Nakula kidogo na sitaki stima."

Akacheka sana. Hiyo ndiyo mara ya mwisho leo nilichekesha mtu kwa kutaka mwenyewe.

Daktari hakucheka. Alikuwa ananusa. "Kuna kitu kinaungua?"

"Hapana, hii ni harufu nzuri," Profesa akasema. "Inanikumbusha jikoni kwa nyanya yangu."

Nikafurahi. Nikamwangalia Nuria nikitaka naye afurahi. Nuria alikuwa amesimama mlangoni kama mti.

"Shangazi," akasema polepole. "Hii harufu ni ya nini?"

"Ni ya usafi," nikasema.

Akaangalia chupa ya spiriti. Imejaa vilevile. Akaangalia kinu. Akafungua mdomo. Lakini Mama Asha alikuwa ameshaingia na chupa ya chai na vikombe, na akakataa kutoka kwa sababu na yeye alitaka kuona. Daktari akafunga mlango akatia komeo, Profesa akavuta lile blanketi tunalofunikia dirisha. Tukavaa miwani ya plastiki. Giza likaingia hadi sikuweza kuona mkono wangu.

"Washa," Daktari akasema.

Nuria akawasha taa ya zambarau. Wote tukainama juu ya kinu.

Hakuna.

Tukangoja. Hakuna. Nilisikia ngamia akilia mbali upande wa soko la mifugo.

"Imewashwa?" Mama Asha akanong'ona.

"Imewashwa," Nuria akasema.

"Labda stima imepotea."

"Ina betri, Mama Asha."

"Sawa. Nilikuwa nasaidia tu."

Unga ulikaa pale kama majivu. Na kwa haki, sehemu yake ilikuwa majivu.

"Mama," Profesa akasema, kwa sauti ya daktari anayeuliza mgonjwa alikula nini. "Leo kinu kimesafishwa na nini?"

Ningeweza kudanganya. Gizani hakuna anayeona uso wako. Lakini nikidanganya mimi, atakayelaumiwa ni Nuria, kwamba chumvi alizipima vibaya au njia yake ni ya uongo.

"Na moshi, Profesa."

"Moshi?"

"Wa ejersa. Ule mzuri."

Mtu alivuta pumzi kwa nguvu. Nafikiri ni Nuria.

Profesa akanieleza taratibu, bila ukali. Masizi hula mwanga. Mwanga unaingia ndani ya masizi na hautoki tena, na punje kidogo tu inatosha kuzima unga mzima. Nikasema nimeelewa. (Nilielewa kabisa. Ningependa kuelewa saa mbili asubuhi.)

"Na kile kichupa cha wiki iliyopita?" Daktari akauliza. "Nuria, ulisema umebakisha kimoja."

Nikakohoa. "Kimo humo."

"Humo wapi?"

"Kinuni. Niliona wageni ni wawili na unga ni kidogo."

Daktari akafunga daftari. Mnajua sauti ya daftari gumu likifungwa gizani? Ni kama mlango wa lori. "Basi," akasema. "Pole sana, Nuria. Sina furaha kusema hivi. Lakini njia ambayo watu hawawezi kuirudia si njia bado. Tupakie vifaa kabla jua halijazidi kuwa kali."

(Kwa haki ya Daktari: alikuwa na haki. Mimi ningekuwa yeye ningesema hivyo hivyo, labda kwa sauti ya juu zaidi.)

Nuria hakulia, hakunitukana. Angenitukana ningepata nafuu. Nilisikia tu akivua miwani yake na kuiweka mezani, tak. Miaka miwili ya mtoto wa kaka yangu, tak.

Nikaona heri nitoke nje, hewa ya mle ndani si yangu tena. Nikageuka nikapapasa mlango. Komeo letu liko chini kabisa, karibu na sakafu. Nikainama kulitafuta, taa ya zambarau ikiwa bado inawaka nyuma yangu.

"Wallahi!" Mama Asha akapiga yowe hadi vikombe vikagongana. "Mama Tume! Makalio yako yanawaka!"

Sasa nyinyi fikirieni. Mtu ameshika makaa asubuhi, anaambiwa makalio yanawaka. Ungefanya nini? Nikajua kaa limeniingia kwenye dera. Nikaruka. Nikaanza kujipiga nyuma kwa mikono yote miwili.

"Maji!" nikapiga kelele. "Leteni maji!"

"MAJI HAPANA!" wakasema wote watatu kwa pamoja, Nuria, Profesa na Daktari.

"Mnataka niungue?"

"Shangazi, huungui! Usijiguse! Simama hapo hapo!"

"Vile ulikuwa," Daktari akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika kabisa. "Vile vile ulikuwa umeinama, tafadhali."

Nikainama. Nikapinda shingo nikaangalia nyuma. Jamani. Mikono miwili! Vidole vitano upande huu, vitano upande huu, samawati safi inayong'aa, kama mtu ameninyakua kwa nyuma akakataa kuachia. Na ilikuwa mikono yangu mwenyewe. Glavu nilivaa kila siku kama nilivyoagizwa. Lakini kila nikimaliza kusaga, kumbe nilikuwa najifuta zile glavu hapo nyuma, bila kujua, kama nilivyozoea kujifuta maziwa. (Nuria aliniambia nivae glavu. Hakuniambia nizifutie wapi. Lakini kwa haki, mtu mzima hafundishwi hilo.)

Profesa, mzee wa watu, akapiga goti nyuma yangu na taa mkononi.

"Samahani sana, Mama."

"Hakuna shida, Profesa," nikauambia mlango.

"Isije ikawa ni sabuni," Daktari akasema. "Sabuni ya unga inaacha kitu kwenye kitambaa, na chenyewe kinang'aa hivyo hivyo. Mama, hii nguo umeifua na sabuni gani?"

"Hiyo si sabuni."

"Una uhakika?"

"Nina uhakika."

"Unajuaje?"

Wenzangu, nina miaka arobaini na sita. Nimezaa watoto wanne. Nimesimama mbele ya chifu, mbele ya kadhi na mbele ya mama mkwe. Sijawahi kuulizwa swali lililonitoa jasho kama lile. Lakini hata mimi wa darasa la saba nilielewa: nikinyamaza, itaandikwa sabuni, na vifaa vinapakiwa.

"Kwa sababu haijaona sabuni," nikasema.

"Tangu lini?"

"Jumatano."

"Jumatano ya juzi?"

Komeo lilikuwa pale tu, karibu na pua yangu. Ningeweza kulifungua nikakimbia hadi Merti.

"Ile ingine," nikasema.

"Ya Allah," akasema Mama Asha.

(Mfereji wa nyumbani kwangu umekauka tangu wiki iliyopita. Maji ya mkokoteni ni ya kupika na kutawadha. Tena ni nguo ya kazi tu, nyumbani naivua. Lakini hakuna aliyeniuliza hayo.)

"Siku tisa," Daktari akasema. Nikasikia daftari likifunguliwa! "Na umekuwa ukiivaa?"

"Kila siku ya kazi."

"Ukitoka jasho?"

"Daktari, hii ni Isiolo."

"Juani?"

"Natembea kwa miguu kutoka Bulla Pesa."

"Na umekuwa ukiikalia?"

"Sasa ningekalia nini ingine?"

Profesa akasema kutoka kule chini, polepole, kama anaongea peke yake, kwamba wengine unga wa namna hii wanaufungia ndani ya kioo wakiogopa hewa, na huu umepigwa jasho, joto, vumbi na uzito wa mtu mzima, na bado unawaka.

Ningeacha hapo. Lakini haki ni haki, sikutaka wadanganyike. "Si zote ni za siku tisa," nikasema. "Ya kulia ndiyo ya zamani. Bega la kulia linaniuma tangu Ijumaa iliyopita, nikaanza kusaga na kushoto. Ya kushoto ni ya juzi juzi."

Kalamu ya Daktari ikaanza kukimbia. "Kwa hivyo tunaweza kulinganisha," akasema. Akatoa rula. Rula! Akaiweka hapo kando kama fundi wa nguo. "Usipumue, Mama." Simu ikalia kwa picha, kra, kra, kra. Kulia. Kushoto. Zote pamoja. Nikasikia mtu akitetemeka gizani nikajua Nuria sasa analia, nimemmaliza. Hakuwa analia. Alikuwa ameziba mdomo kwa mtandio anacheka hadi meza inatikisika.

"Tutahitaji hii nguo," Daktari akasema.

"Yote?"

"Yote. Sasa hivi, kabla haijafuliwa."

"Hapo msiwe na haraka," akasema Mama Asha.

Wageni wakageukia ukuta. Mama Asha akavua leso moja kati ya zake mbili, nikajifunga, dera likaingia kwenye mfuko wa plastiki. Daktari akaandika karatasi akaibandika. Nuria alipotoa blanketi dirishani nikaisoma. Iliandikwa hivi: *Sampuli. Nguo ya msagaji. Haijafuliwa.*

Mlango ulipofunguliwa, wateja wa chai wa Mama Asha walikuwa wamesimama nje, watano, kila mmoja na kikombe chake.

"Mama," mmoja akauliza kwa heshima kabisa, "huo moto umezimika?"

Uamuzi ulitolewa hapo hapo uani. Nuria anabaki. Anaendelea na kazi yake hapa Isiolo. Mwezi ujao wanarudi kuona unga mpya, na kabla ya hapo kila hatua iandikwe ibandikwe ukutani, hata ya kusafisha kinu, tena iandikwe kama kwa mtu ambaye hajui chochote. (Hakuna aliyeniangalia. Wote waliangalia pengine kwa nguvu.) Na kosa la leo lazima liingie kwenye ripoti.

"Lazima tuandike moshi?" Nuria akauliza.

"Andika," nikasema mimi. "Ni kweli. Na unga wa kichupa pia uandike."

Daktari akanipa mkono. Ni vizuri, lakini ningependa anipe mkono siku ambayo hana picha yangu ya nyuma kwenye simu. Maana picha nayo inaingia kwenye ripoti. Na rula yake. Nuria ameniapia hakuna atakayejua ni mimi, uso hauonekani.

"Mimi nitajua," akasema Mama Asha.

Wageni walipoondoka Nuria hakunigombeza. Alichukua kinu, akachukua spiriti na pamba, akakisafisha mbele yangu polepole, akageuza kila upande nione, kama mtu anamfundisha mtoto kutawadha. "Umeona, shangazi?" Nimeona. "Haya. Kesho saa mbili." Nikamuuliza, kesho mimi? Akasema, "Kwani kuna mwingine?" Hapo ndipo nililia. Si mbele yake. Nilingoja nifike kwenye kichochoro.

Miezi yote hii nimekuwa nikiringa kwamba nafanya kazi ya sayansi. Kumbe usafi wangu, niliofundishwa na mamangu, ulikuwa unamfukuza mtoto Isiolo, na uchafu wangu ndio umembakisha. Sasa hapo mtu ajifunze nini? Sijui. Nimefikiri hadi kichwa kinauma.

Nikirudi nyumbani nilipita dukani, nikaomba kipande cha sabuni. Adhuhuri ilikuwa haijaadhiniwa bado, lakini habari zilikuwa zimeshanitangulia. Mwenye duka hakuigusa sabuni. Aliegemea meza akaniambia, "Mama Tume, si maprofesa wamekukataza?"

Kwa hivyo nawaomba, wenzangu, msicheke. Mkishindwa, basi chekeni, mna haki. Lakini mkinikuta njiani kesho, nisalimieni kutoka mbele, mngoje nipotee kwenye kona kwanza, msinione nyuma, halafu ndio mwende.